Kufufuliwa na Kufurahiwa: Riwaya za Wanawake wa Karne ya Ishirini

Uhakiki wa fasihi una tabia ya kuionea haya furaha. Msomi akikiri kuwa riwaya fulani ilimchekesha, au kwamba ilimnyima usingizi hadi adhana ya alfajiri, hujihisi kama mtu aliyehudhuria matanga akiwa amevalia nguo za arusi. Kwa hiyo hulifunika jambo lenyewe kwa istilahi. Husema kazi hiyo ina mvuto wa kifani, kisha hukimbilia dhamira, ambako hakuna atakayemshuku kuwa alijiburudisha.

Tabia hii huwaumiza zaidi waandishi wa kike wa karne ya ishirini ambao vitabu vyao vilitoweka madukani kisha vikachapishwa tena miaka ishirini, thelathini au hata hamsini baadaye. Riwaya zao zinaporejea hupokelewa kama mashahidi mahakamani. Huulizwa kuhusu ndoa, kuhusu ukoloni, kuhusu taasubi ya kiume; zikishajibu huambiwa ziende zao. Ni nadra kuulizwa kama zinapendeza. Ilhali ni vigumu kutaja hata moja iliyorudi kwa nguvu ya hoja peke yake. Kabla ya makala, kongamano na tasnifu, palikuwa na mtu aliyekipenda kitabu kiasi cha kushindwa kunyamaza.

Kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Virago Modern Classics, uliozinduliwa London mwaka 1978, kinaidhihirisha hatari hii bila kukusudia. Shirika la Virago lilianzishwa na Carmen Callil mwaka 1973, na ni mfululizo huo wenye majalada ya kijani uliolifanya lijulikane mbali. Kitabu chenyewe ni Frost in May ya Antonia White, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1933. Nanda Grey, binti wa baba aliyeingia Ukatoliki ukubwani, anapelekwa katika shule ya bweni ya watawa akiwa na umri wa miaka tisa. Anakua humo, na kwa siri anaanza kuandika riwaya. Mpango wake ni wa kitoto na wa kisanaa kwa pamoja: wahusika wawe waovu kupindukia, ili kadiri dhambi zitakavyokuwa nzito ndivyo toba ya mwisho itakavyong'aa. Kwa bahati mbaya daftari linakamatwa kabla toba haijaandikwa. Watawa wanasoma dhambi tupu. Baba anasoma dhambi tupu. Nanda anafukuzwa kwa nusu ya kitabu.

Mhakiki anayewinda ukandamizaji atashiba katika riwaya hii, na hatakuwa amekosea. Lakini naye atakuwa amesoma nusu. Kile kinachomkaa msomaji akilini ni jinsi Nanda anavyoipenda shule inayomvunja. Anazipenda ibada, riboni za rangi wanazovikwa wanafunzi wenye mwenendo mwema, siku za mafungo na ukimya wake, na zaidi ya yote anampenda rafiki yake Léonie, ambaye ana akili kali na hajali kitu. White anavisimulia vitu hivi kwa uchangamfu wa mtu aliyevionja. Msomaji asiyeifurahia shule pamoja na Nanda atauona mwisho wa kitabu kuwa kisa kimoja zaidi cha dhuluma. Aliyeifurahia atahisi kana kwamba lango limefungwa nyuma yake mwenyewe. Waliopitia shule za bweni za misheni Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa mengi hapa. Wanajua kwamba mtu anaweza kuilaani kengele ya saa kumi na moja alfajiri kwa miaka minne, na bado akawa anazikumbuka nyimbo za kanisani neno kwa neno.

Katika orodha za waandishi waliofufuliwa, Barbara Pym huwekwa mbali na macho ya wasomi wa Kiafrika, kana kwamba hana lolote la kuwaambia. Hilo ni kosa la ajabu, maana hakuna mtunzi wa riwaya wa Kiingereza aliyefanya kazi karibu zaidi na taaluma inayowahusu. Kuanzia 1946 hadi alipostaafu mwaka 1974, Pym alikuwa mtumishi wa International African Institute huko London, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa mhariri msaidizi wa jarida lake la Africa. Miongoni mwa vitabu vilivyotolewa na taasisi hiyo katika miaka yake ni utafiti wa A. H. J. Prins kuhusu wasemaji wa Kiswahili wa Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, uliochapishwa mwaka 1961. Ni mwaka ule ule ilipotoka riwaya yake No Fond Return of Love, ambayo mhusika wake mkuu, Dulcie Mainwaring, anaishi kwa kutengeneza faharasa za vitabu vya watu wengine, na ambayo inafunguliwa katika kongamano la wataalamu. Yeyote aliyekaa katika kongamano akisubiri chai wakati msemaji amepitiliza muda wake atamtambua mwandishi wa kurasa hizo kama jamaa.

Kilichomvutia Pym si Afrika yenyewe. Ni wanaanthropolojia waliokwenda huko na kurudi: jinsi walivyokula, walivyogombania ruzuku, walivyosahau siku za kuzaliwa za wake zao, walivyochambua ukoo wa watu wa mbali huku wakishindwa kuelewa nyumba ya jirani. Katika Less Than Angels (1955) aliugeuza mchezo, akawatazama watafiti kwa jicho lile lile ambalo wao waliwatazamia wengine. Lakini aliye na muda wa kusoma kitabu kimoja tu na achague Excellent Women (1952). Mildred Lathbury, binti wa kasisi, ambaye hajaolewa na ambaye watu wote humdhania kuwa yupo kwa ajili ya kuwatatulia shida zao, anapigiwa simu na Everard Bone, mwanaanthropolojia. Everard anamwalika chakula cha jioni. Amenunua nyama, anasema. Kilichobaki ni kuipika. Mildred anajiona mara moja akiwa jikoni mwa mtu mwingine, akimenya viazi baada ya siku nzima ya kazi, akajibu kuwa hataweza. Baadaye katika kitabu anagundua kuwa Everard anahitaji pia mtu wa kusahihisha prufu za kitabu chake, na faharasa nayo inamngoja mtu wa kuitengeneza.

Hapa msomaji hucheka kwa sauti. Akishacheka, hukumbuka ukurasa wa shukrani wa kitabu fulani cha kitaaluma alichokisoma juzi, ambamo mke wa mwandishi, bila kutajwa jina, anashukuriwa kwa kupiga chapa mswada mzima mara tatu. Hakuna hotuba katika Excellent Women. Pym haandiki kwamba kazi ya wanawake hunyonywa. Anamweka mwanamume mmoja mstaarabu kwenye simu na kipande cha nyama mkononi. Anayeiona riwaya hii kuwa hadithi ndogo ya chai na minada ya kanisa ameikosa kwa sababu hakucheka. Kicheko ndicho kinachoonyesha mahali kisu kilipoingia.

Historia ya kutoweka kwake nayo ina kinaya ambacho yeye mwenyewe angeweza kukitunga. Alikuwa amechapisha riwaya sita kati ya 1950 na 1961. Mwaka 1963 mchapishaji wake, Jonathan Cape, aliikataa ya saba, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemchapisha. Aliendelea kuandika jioni baada ya kazi, na kusoma prufu za wengine mchana. Januari 1977 jarida la Times Literary Supplement liliwauliza watu mashuhuri wawataje waandishi wa karne hiyo waliothaminiwa kupita kiasi na wale waliothaminiwa chini ya kiasi. Pym alitajwa katika kundi la pili na watu wawili, mshairi Philip Larkin na mwanazuoni Lord David Cecil. Kabla mwaka haujaisha riwaya mpya, Quartet in Autumn, ilikuwa imetoka na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Aliaga dunia Januari 1980. Mtu anaweza kununa kwamba zilihitajika sauti mbili za wanaume ili wachapishaji wausikie uzuri ambao wasomaji wa kawaida walikuwa wameuonja tangu 1950. Ni kweli, na inafaa kununa. Hata hivyo, Larkin na Cecil hawakumtetea Pym kwa sababu alidhulumiwa. Walimtaja kwa sababu walikuwa wakimsoma na kurudia kumsoma, na hiyo ni sababu ambayo mhakiki wa leo huona aibu kuitoa.

Katika kisa cha Zora Neale Hurston, furaha haikusahauliwa tu; iligeuzwa kuwa shtaka. Hurston alizaliwa Alabama mwaka 1891 na kukulia Eatonville, mji mdogo wa Florida uliotawaliwa na watu weusi wenyewe. Alisomea anthropolojia chini ya Franz Boas, akakusanya ngano na nyimbo za watu wake, na mwaka 1936, akiwa Haiti, akaandika Their Eyes Were Watching God katika muda wa majuma saba. Kitabu kilitoka mwaka 1937. Richard Wright, mwandishi mkubwa kuliko wengi wa kizazi chake, alikihakiki katika New Masses na kudai kuwa hakina dhamira wala ujumbe, na kwamba kinawaburudisha wasomaji wazungu kwa kuwaonyesha watu weusi wanaocheka na kulia kama inavyotarajiwa. Hoja yake ilikuwa na uzito wa wakati wake. Watu walikuwa wakinyongwa mitini huko Kusini. Lakini hukumu ile ilifanya kazi kwa muda mrefu kuliko Wright mwenyewe alivyoweza kukusudia. Hurston alifariki Januari 28, 1960, huko Fort Pierce, akiwa maskini, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1973 Alice Walker alikwenda kulitafuta kaburi hilo katika magugu, akijitambulisha kuwa mpwa wa marehemu ili wenyeji wamsaidie, akaliwekea jiwe. Makala yake kuhusu safari hiyo yalitoka katika jarida la Ms. mwaka 1975. Jiwe lile linasema Hurston alizaliwa 1901. Marehemu alikuwa na mazoea ya kujipunguzia umri, na hila yake ikadumu hadi kaburini, jambo ambalo pengine lingemfurahisha.

Kabla ya Chuo Kikuu cha Illinois kukitoa tena kitabu hicho mwaka 1978, walimu na wanafunzi walikuwa wakikisoma kwa fotokopi zilizopitishwa mkono kwa mkono. Msomi yeyote wa Afrika Mashariki anazijua nakala za aina hiyo: maandishi yaliyofifia pembeni, ukurasa wa 87 ambao haupo, alama za kalamu za watu wanne tofauti. Mtu hajisumbui namna hiyo kwa ajili ya kitabu cha wajibu.

Kipi basi kiliwafanya wajisumbue? Jibu liko barazani. Katika nusu ya kwanza ya riwaya, Janie Crawford ameolewa na Joe Starks, meya na mwenye duka huko Eatonville. Mbele ya duka kuna ukumbi wenye viti na makasha, ambapo watu hukusanyika jioni. Hapo ndipo maneno huchezwa. Wanaume hushindana kutia chumvi. Hubishana kama mtu huongozwa na tahadhari au na maumbile. Humsimanga Matt Bonner kwa sababu ya nyumbu wake aliyekonda, na kila msemaji hulazimika kumzidi aliyemtangulia. Nyumbu huyo anapokufa anafanyiwa maziko ya mzaha, na hotuba juu. Janie anayasikia yote haya kutoka mlangoni. Anayapenda, na wakati mwingine anatunga ya kwake kichwani, lakini mumewe amemkataza kushiriki, kama alivyomlazimisha kuzifunika nywele zake kwa kitambaa.

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hana haja ya tanbihi ya kianthropolojia kuhusu ukumbi huo. Anaujua kwa jina. Anajua jinsi baraza linavyopanga watu, nani huketi na nani husikilizia dirishani. Anajua kijembe, fumbo, na leso yenye maneno inayovaliwa siku maalumu mbele ya jirani maalumu. Kwa sababu hiyo ndiye anayeweza kuisoma ipasavyo siku ambayo Joe, akiwa amezeeka na hataki kukiri, anamkejeli Janie dukani mbele ya watu kuhusu mwili wake. Janie anamjibu. Jibu lake linahusu uanaume wa Joe, nalo ni la sentensi chache tu, lililotungwa kwa kanuni zote za barazani: lina mdundo, lina taswira, lina wasikilizaji. Waliopo wanacheka. Tangu siku hiyo Joe hainuki tena. Mhakiki anaweza kueleza, na imeelezwa mara nyingi, kwamba tukio hili ni mwanamke kuipata sauti yake. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayana chumvi. Linaloumiza ni kwamba Janie alikuwa amejifunza ufundi ule kwa miaka mingi kwa kusikiliza tu, na msomaji alikuwa akiufurahia pamoja naye, kurasa baada ya kurasa, bila kujua kuwa silaha ilikuwa inanolewa. Aliyeziruka kurasa za nyumbu, akidhani ni vichekesho vya kupoteza wakati, hatakuwa na lolote la kulihisi pigo linapotua.

Kuna suala la lugha pia, ambalo linastahili kukaliwa kitako. Wahusika wa Hurston husema lahaja ya watu weusi wa Kusini, na msimulizi husema Kiingereza sanifu ambacho polepole huanza kuambukizwa na lahaja hiyo, hadi kufikia mwisho mipaka haionekani vizuri. Mwaka 1937 hilo lilimfanya ashukiwe kuwa anawadhihaki watu wake. Baada ya 1978 likawa ndiyo fahari ya kitabu. Katika Afrika Mashariki, ambako tangu 1930 kamati ya lugha ya makoloni ilisimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, mtunzi anayewapa wahusika wake Kimvita au Kiamu anajua shaka inayomngoja: je, ni ukweli wa mandhari, au ni mapambo? Hurston hatoi jibu la jumla. Anaonyesha tu kwamba lahaja ikipewa kazi ya kufikiri, na si ya kuchekesha peke yake, msomaji huacha kuiona kuwa lahaja. Hapo Wright alichelewa kusikia.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba waliozifufua riwaya hizi wote walikubaliana kuhusu zipi zinafurahisha. Haikuwa hivyo. Virago yenyewe ilikuwa na mpaka. Callil aliandika mwaka 2008 kwamba waliuita mpaka huo kwa jina la Dorothy Whipple, mwandishi aliyependwa sana Uingereza katika miaka ya 1930 na 1940. Chini ya kiwango chake wao hawakuwa tayari kushuka. Waokoaji nao, kumbe, walikuwa na bawabu mlangoni. Kisha mwaka 1998 Nicola Beauman, ambaye kitabu chake kuhusu riwaya za wanawake wa kati ya vita viwili, A Very Great Profession, kilikuwa kimetolewa na Virago hiyo hiyo mwaka 1983, alianzisha shirika lake la Persephone. Mwaka uliofuata alichapisha tena Someone at a Distance, riwaya ya Whipple ya 1953, katika jalada la kijivu. Wasomaji waliinunua, wakarudi kuuliza kama zipo nyingine, na Whipple akawa miongoni mwa waandishi wanaouzwa zaidi na shirika hilo.

Nani alikuwa na haki? Someone at a Distance ni hadithi ya ndoa inayovunjika. Ellen North ana mume, watoto wawili na bustani, kijakazi wa heshima kutoka Ufaransa, Louise Lanier, anakuja kukaa na mama mkwe, mume anatekwa. Kwa muhtasari ni kisa ambacho kila redio imewahi kukitangaza saa tatu usiku. Na lugha ya Whipple haina urembo. Sentensi zake hutembea kama mtu aendaye sokoni. Lakini anayeanza kuisoma haachi. Whipple anajua jinsi msiba unavyoingia nyumbani kupitia vitu vidogo: kiti kilichosogezwa, barua iliyochelewa kufunguliwa, mgeni anayeamka saa nne na kuteremka akiwa amejipamba wakati mwenye nyumba ana unga mikononi. Anajua pia kwamba Ellen ana sehemu ya lawama, kwa kuwa aliridhika mno na furaha yake asiangalie pembeni. Mhakiki aliyefunzwa kuthamini majaribio ya kiusimulizi hana chombo cha kupimia ustadi wa aina hii, na asipojihadhari atasema kwamba haupo. Pengine Callil alikuwa na sababu: mwaka 1978 mfululizo mpya ulihitaji heshima, na heshima hununuliwa kwa kuwaacha watu fulani nje. Hata hivyo Frost in May nayo, ikifupishwa, ni kisa cha msichana aliyefukuzwa shule.

Isidhaniwe kwamba furaha inayozungumziwa ni utamu mtupu. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alichapisha Good Morning, Midnight mwaka 1939, kisha akapotea kabisa hata waliokumbuka vitabu vyake wakadhani amekufa. Alipatikana mwaka 1949 kwa sababu mwigizaji Selma Vaz Dias, aliyetaka kuigeuza riwaya hiyo kuwa tamthilia, alitoa tangazo gazetini kumuulizia. Redio ya BBC iliitangaza mwaka 1957, na mwaka 1966, Rhys akiwa na umri wa miaka 76, ikatoka Wide Sargasso Sea. Alipotuzwa alisema tuzo imechelewa. Sasha Jansen wa Good Morning, Midnight anazunguka Paris akihesabu vinywaji na mikahawa ambamo hapaswi kulia tena. Ladha yake ni ya kahawa chungu: anayeipiga funda la kwanza hukunja uso, kisha husogeza kikombe mbele ajaziwe tena. Ucheshi wa Sasha, mkavu na usio na huruma kwake mwenyewe, ndio unaomvusha msomaji. Bila ucheshi huo kitabu kingekuwa faili la mgonjwa.

Suala hili lina uzito wake Afrika Mashariki. Majina ya Grace Ogot, Rebeka Njau, Ndyanao Balisidya na Zainab Burhani hutajwa kwa heshima. The Promised Land ya Ogot ilitoka Nairobi mwaka 1966. Shida ya Balisidya na Ripples in the Pool ya Njau zilitoka mwaka mmoja, 1975. Mali ya Maskini ya Burhani, 1981. Katika mijadala mingi, hata hivyo, hutajwa hivyo tu, kwa jina na mwaka, kama majina ya wazee waliohudhuria kikao. Mwanafunzi hufundishwa kwamba waandishi hawa walikuwa wa kwanza. Haambiwi kwamba Selina wa Ripples in the Pool ni miongoni mwa wahusika wanaotisha zaidi katika riwaya ya Kenya, na kwamba kisima kile cha Njau humfanya msomaji asite kuzima taa. Heshima ya kuwa wa kwanza ni heshima ya makumbusho: kitu husafishwa vumbi, lakini hakuna anayekitumia.

Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986, ilibahatika. Shirika la Feminist Press la New York, lililoanzishwa mwaka 1970 na ambalo lilianza kazi ya kuzichapisha upya riwaya za wanawake hata kabla ya Virago, liliitoa tena mwaka 2000. Wasomaji wa Marekani waliipata pamoja na maelezo kuhusu historia ya Kenya, Hali ya Hatari na harakati za uhuru, na bila shaka maelezo hayo yaliwafaa. Msomaji wa Nairobi ana njia fupi zaidi. Paulina anawasili kwa treni mwaka 1956, angali msichana, kumfuata mumewe Martin. Mimba inaharibika, akiruhusiwa kutoka hospitalini anashindwa kuijua njia ya kurudi nyumbani, na anatangatanga mjini, akilala kwa wasiomjua, huku Martin akimngoja kwa hasira. Macgoye anazitaja barabara na mitaa kwa utaratibu, bila haraka, na anayeujua mji huo hawezi kusoma kurasa hizo akiwa ametulia kitini. Kila Paulina anapofika njia panda, msomaji anajua ni upande upi wa kwenda, na kila mara anatamani kumwita kwa jina.